Tangazo Lililoangalia Maji

Na msirudie tena ule wimbo wa hatukuambiwa. Hatukuambiwa, hatukuambiwa, mtaa mzima sasa hivi mdomo umejaa hatukuambiwa. Mlitaka nani aje awagongee mlango mmoja mmoja, awasomee karatasi kama watoto wa chekechea? Haya, tuseme ni kweli, hamkuambiwa. Basi tuseme yote, maana wanaomsema vibaya yule mama hawajui hata nusu. Eti aliuza kijito. Aliuza! Mtu ambaye buti lake la mvua limezibwa kiraka cha mpira wa baiskeli, huyo ndiye aliyeuza kijito. Kama kuuza kwenyewe ndiko huko, basi aliuza kwa hasara.

Mama mwenyewe anaitwa Shangazi Rula. Si shangazi wa mtu pale, jina alipewa na waosha magari wa darajani kwa sababu ya kazi yake. Kando ya daraja kuna kigeti kifupi, anakifungua yeye asubuhi na kukifunga jioni, kisha ngazi saba za saruji zinazoshuka mpaka majini. Ukifika ya mwisho unageuka, unajikuta chini ya daraja, na hapo kwenye nguzo, upande wa ndani, pamefungwa ubao mweupe wenye alama nyeusi za sentimita. Rula ya shule, ila hii inamzidi mtu urefu. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni Shangazi anashuka, anainama, anaangalia maji yamegusa alama gani, anaandika kwenye daftari. Ndiyo kazi. Jumapili anashuka. Sikukuu anashuka. Siku aliyomzika mumewe alishuka asubuhi, akapanda, akaenda kuzika, jioni akashuka tena. Miaka thelathini hiyo.

Mtu anaweza kucheka, kazi gani ya kuangalia maji? Lakini akija mtu ofisi ya maji anataka kibali cha kujenga ukuta mtoni, au kufunga pampu, au kuchepusha mkondo, ofisi inamjibu vipi kama haijui kijito kina maji kiasi gani? Inafungua daftari la Shangazi. Wahandisi wenye digrii mbili mbili wanategemea macho ya mama mmoja aliyeishia darasa la nane.

Zamani walikuwa wawili. Utaratibu ulikuwa hivi: mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anarudia alichosikia, ndipo anaandika, ili kosa lisipite. Aliyekuwa anaandika ndiye baadaye alikuja kumuoa. Walitongozana kwa sentimita, wale. "Sitini na nane!" anasema yeye kule chini. "Sitini na nane, na leo umependeza," anajibiwa. Mume alipofariki, miaka tisa iliyopita, ofisi ilisema nafasi yake inajazwa. Mpaka leo inajazwa.

Shangazi akabaki na mazoea yake. Anasoma kwa sauti, "Arobaini na mbili!" Kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Hakuna anayepita. Basi anajirudia mwenyewe polepole, "arobaini na mbili," anaandika, anapanda ngazi. Wale waosha magari kule juu hawana adabu.

"Shangazi, huyo unayeongea naye amejibu?"

"Tusalimie huyo bwana!"

"Muulize kama ana gari la kuosha!"

Naye anacheka nao, anawaambia wakafue midomo yao kwanza. Akishapita kona hacheki.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la vipuri. Ukuta mmoja unanukia oili mwaka mzima. Kitanda, jiko, kiti kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea nguo, na sanduku la marehemu lililojaa madaftari ya zamani, kwa sababu ofisi ilisema hayana pa kukaa. Ukutani vikombe viwili vinaning'inia kwenye misumari. Kimoja kina madoa ya chai. Kingine kinafutwa vumbi kila Jumamosi na kurudishwa. Binti yake ameolewa mbali, anapiga simu Jumapili, wanaulizana kama mvua imenyesha. Basi.

Sasa kazi yake ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Mtu akiomba kibali cha kubadilisha kijito au ziwa, lazima tangazo libandikwe pale pale panapotaka kubadilishwa, likae siku thelathini. Katika siku hizo, yeyote anayetumia maji yale anaruhusiwa kwenda ofisini kujaza fomu ya pingamizi. Wakifika watu kumi, kinaitishwa kikao, na mwombaji analazimika kuja kujieleza mbele za watu. Wasipofika kumi, faili linapanda juu kwa sahihi. Na sahihi ikishapigwa, imepigwa.

Safari hii mwombaji alikuwa kampuni ya maghala. Walitaka kukilaza kijito kwenye mabomba ya zege, kuanzia darajani mpaka kule kwa mama wa miche, yule anayemwagilia miche yake ya kuuza kwa maji hayo hayo, mita mia tatu na arobaini, kisha wafukie kwa kifusi pawe maegesho ya malori. Shangazi alielewa mara moja. Maji yakiingia bombani hakuna rula, na bila rula hakuna Shangazi. Lakini hakuogopa sana. Watu watakuja, alijisemea. Waosha magari peke yao wako tisa. Ukiongeza mama wa miche, kumi hao hapo.

Akabandika. Misumari minne, karatasi ya nailoni juu isilowe, picha kwa simu ya ofisi kama inavyotakiwa, picha ikaingia kwenye faili. Kila Ijumaa alipopeleka daftari mjini alichungulia dirisha la masjala.

"Wangapi, mwanangu?"

"Sifuri, mama."

Ijumaa iliyofuata, sifuri. Iliyofuata, sifuri. Hasira ikaanza kumpanda. Alikuwa anapita pale juu, anawaona wanavyocheka na ndoo zao, anajiuliza hawa ni watu au magogo? Tangazo wanaliona kila siku, mbona hawashtuki? Yeye mwenyewe alikuwa analiona kila siku, mara mbili.

Siku ya ishirini na saba akashindwa kuvumilia. Kinara wa waosha magari anaitwa Povu, kwa sababu ya sabuni na kwa sababu ya maneno. Alikuwa anasugua tairi la teksi.

"Povu, hivi nyinyi mna roho gani?"

"Shikamoo kwanza, Shangazi. Matusi baada ya salamu."

"Marahaba. Mna roho gani? Siku ishirini na saba tangazo liko hapo, hata mmoja wenu hajakwenda ofisini!"

"Tangazo gani?"

"Usinichezee. La kijito. Pale kwenye nguzo."

Povu akatazama nguzo ya daraja. Upande wa barabarani, ule ambao kila mtu anauona, umejaa makaratasi: chumba kinapangishwa, jifunze udereva wiki tatu, dawa ya kunguni, chumba kingine kinapangishwa. Akasoma yote kwa sauti, taratibu, kidole hewani.

"Ya kunguni naiona. Ya kijito sioni."

"Si upande huo! Serikali itabandika karatasi yake pamoja na kunguni? Upande wa ndani. Kwenye rula."

Povu akaweka brashi chini, akashuka zile ngazi. Ngazi ya mwisho ni nyembamba, ili uweze kusoma lazima ugeuke na mguu mmoja uingie majini. Akaingiza. Halafu kutoka huko chini wenzake wakasikia kicheko kikubwa.

"Shangazi! Hili ulikuwa unamsomea nani? Samaki?"

Wote wakaangua kicheko. Akaendelea, maana Povu akianza hazimiki: "Ndiyo maana samaki wamehama! Wamesoma, wakapakia mizigo!" Kisha akainua macho akamwona mama wa watu amekaa kwenye ngazi ya tatu, daftari magotini, mdomo wazi. Kicheko kikamkauka.

"Hamjawahi kuliona," alisema Shangazi. Hakuuliza.

"Nani ashuke huku, Shangazi? Maji tunachotea ng'ambo. Huku ni kwako." Povu akakuna kichwa. "Sisi tunajua huku ni kwako na... na mzee. Hata mpira wetu ukidondoka huku tunasubiri uje."

Fikiri hapo. Miaka yote mama anadhani pale ni mahali pa watu. Kumbe watu walishamwachia, kama unavyomwachia mtu kaburi la mpendwa wake. Na halikuwa tangazo la kwanza. Miaka sita nyuma alibandika pale pale tangazo la pampu ya kule juu. Hakuna aliyepinga, pampu ikafungwa, rula ikashuka kutoka sitini na kitu mpaka arobaini na kitu. Kabla ya hapo, kibali cha kuchimba mchanga. Nacho sifuri. Yote aliyabandika pale anaposimama yeye, kwa sababu ndipo alipozoea kusimama, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia, "Mke wangu, hebu geuza."

Povu akasoma tangazo lote, maneno marefu akayakata vipande vipande. Alipofika kwenye kifusi akasimama.

"Yaani sisi tutaoshea magari mate?"

"Ndiyo nakwambia nenda. Zimebaki siku tatu. Mko tisa, na mama wa miche wa kumi."

Hapo ndipo ucheshi ulipoisha. Povu akawatazama wenzake, wenzake wakatazama ndoo.

"Nikiandika jina langu pale, Shangazi, swali la kwanza wataniuliza kibali changu cha kuoshea magari kijitoni kiko wapi."

"Hawakuulizi."

"Una uhakika?"

Hakuwa na uhakika. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza unatumia maji kwa kazi gani, na mama huyu hajui kudanganya, ndiyo shida yake kubwa.

"Andika wewe basi," alisema mmoja kutoka nyuma.

"Mimi mtumishi. Mtumishi hapingi."

Wakarudi kwenye magari yao. Shangazi akashuka, akasoma, akaita, akanyamaza, akajirudia. Siku hiyo hakuna aliyemtania. Bora wangemtania.

Jioni ile hakusubiri Jumapili, alimpigia binti yake mwenyewe. Binti alipoona simu ya katikati ya wiki akadhani kuna msiba.

"Hakuna msiba. Nimekosea kazini."

Akaeleza. Binti alisikiliza, watoto wanalia nyuma yake, mtu anauliza kikapu kiko wapi.

"Mama, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Kumi na minne."

"Sasa ukienda kujisemea wakakusimamisha? Mama, nyamaza. Hakuna aliyeona."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mwanangu. Hakuna aliyeona."

"Mama, nakupigia baadaye, huyu mtoto amemwaga maziwa."

Hakupiga. Simkasirikii, ana watoto wadogo. Ila hakupiga. Shangazi akaosha kikombe kimoja, akakitundika, akakaa kwenye kiti akisikiliza jirani wa upande wa pili akigombana na mkewe kuhusu rimoti, na akawaonea wivu.

Siku ya ishirini na tisa alipanda mjini na buti zake. Ofisi ya maji ni jengo la ghorofa mbili lenye korido ndefu na benchi moja lililolegea mguu. Afisa vibali ni kijana, si mtu mbaya, meza yake imefunikwa mafaili kiasi kwamba ukikaa upande wa pili unamwona kuanzia nyusi.

"Mama Rula! Daftari si Ijumaa?"

"Sijaleta daftari. Nimekuja kwa faili la maghala. Lile tangazo halikubandikwa vizuri."

Kijana akavuta faili, akafungua, akamwonyesha picha. "Hili hapa, mama. Linasomeka safi kabisa. Tarehe ipo, mhuri upo."

"Linasomeka. Muulize aliyepiga picha alikuwa amesimama wapi."

"Si ulipiga wewe? Ulikuwa umesimama wapi?"

"Ndani ya maji."

Kijana akaitazama tena picha, safari hii vizuri. Pembeni kabisa kulikuwa na ncha ya buti, na maji yakiizunguka.

"Ohoo."

"Sheria inasema mahali panapoonekana na watu. Pale panaonekana na mimi tu. Siku zianze upya."

Akafunga faili, akashusha sauti. "Mama yangu, mbona unajichongea? Kesho siku zinakwisha, faili linapanda, wewe unasubiri pensheni yako. Nikiandika hili, aliyekosea si kampuni, wala si mimi. Ni wewe."

"Ndivyo nilivyosema. Chukua kalamu."

"Unaweza kuandika mwenyewe..."

"Andika wewe, mimi nitasema, nitaweka sahihi."

Kijana akachukua karatasi. Shangazi akasema sentensi ya kwanza: "Mimi, msomaji wa vipimo vya daraja, nilibandika tangazo mahali ambapo watu hawafiki." Akanyamaza. Kijana akaanza kuandika.

"Hapana," alisema Shangazi. "Rudia kwanza."

"Nirudie nini?"

"Nilichosema. Unarudia, ndipo unaandika. Kosa lisipite."

Kijana akamwangalia, pengine akidhani mama amechanganyikiwa. Lakini akarudia. "Wewe, msomaji wa vipimo vya daraja, ulibandika tangazo mahali ambapo watu hawafiki."

"Sawa."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, sentensi sita. Yeye anasema, anajibiwa. Ilipofika ya nne ikabidi atoe leso, na kijana akajifanya anatafuta mhuri kwenye droo ambayo mhuri haukuwemo.

Wale wa "aliuza kijito", mko wapi hapo?

Barua ya kumsimamisha ilitoka siku hiyo hiyo. Kwa mambo mengine ofisi huwa inachukua miezi, kwa hili saa mbili. Alirudisha daftari, simu ya kazi na ufunguo wa kigeti cha pale kwenye ngazi. Kuhusu pensheni, wakamwambia litaangaliwa. Na kweli siku zikaanza upya. Tangazo jipya likabandikwa upande wa barabarani, kubwa, juu ya dawa ya kunguni. Safari hii hakuna wa kusema hakuliona.

Rula sasa haisomwi na mtu. Asubuhi ya kwanza Shangazi alikuja saa moja kama kawaida, akafika kwenye kigeti, akakumbuka. Akasimama pale juu, mikono haina pa kwenda. Povu akamwona. Akaruka kigeti na suruali iliyokunjwa, akashuka, na baada ya muda sauti ikatoka chini ya daraja: "Hamsini!"

"Si hamsini! Unaangalia maji yalipolowesha. Angalia yanapogusa!"

Povu akainama zaidi. "Arobaini na moja!"

"Arobaini na moja," akajibu Shangazi, akaandika nyuma ya risiti ya dukani.

Alifanya hivyo siku mbili, Povu. Siku ya tatu alipata lori la kuosha, ya nne akachelewa kuamka. Shangazi hakumdai. Huwa anakuja, anasimama dakika tano, anaondoka.

Ila jambo moja Povu alifanya, na apewe haki yake. Alikwenda ofisini akajaza fomu. Kwenye mstari wa matumizi ya maji aliandika: kuosha magari, bila kibali, mkitaka nikamateni. Hawakumkamata. Kijana wa vibali alicheka, akagonga mhuri, akamwonyesha na fomu ya kuomba kibali cha kuoshea, ambayo kumbe ipo miaka yote. Mama wa miche naye alijaza, mjukuu mgongoni. Wawili hao.

Wale wenzake Povu wanane bado wanatazama ndoo. Na nyinyi wengine mnaopita darajani na mkate wenu mkononi, mnasimama, mnalisoma tangazo mpaka mwisho, mnatikisa vichwa, mnasema jamani, jamani, halafu mnavuka barabara. Nani kawafundisha kwamba kutikisa kichwa ni kupinga?

Shangazi siku hizi anashinda kwenye lile benchi la koridoni. Si kazini, hana kazi. Anakaa tu, karibu na sanduku la fomu, kwa sababu anajua mtu akija mara ya kwanza anaogopa mlango. Ameweka mkoba wake upande mmoja wa benchi, ule wenye mguu mzima, ili akija mtu aondoe mkoba amkaribishe. Saa tisa na nusu wanafunga, anachukua mkoba, anaondoka. Jana hakuuondoa kwa ajili ya mtu yeyote. Juzi aliuondoa mara moja, kumbe alikuwa fundi wa taa.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Zimebaki kumi na moja na fomu nane. Ofisi ya maji, chini, mlango wa pili kushoto. Fomu ni bure, kurasa mbili, kalamu atakuazima yule mama. Huna haja ya kibali chochote ili upinge, unahitaji jina lako tu. Umeshasoma vya kutosha. Inuka, nenda kaandike.